Asili ya neno "haramu" si uchafu

Muhtaramu Mhariri,

Safu yenu ya lugha iliyotoka hivi karibuni iliwaeleza wasomaji kwamba neno "haramu" asili yake ni "kitu kichafu", na kwamba maana ya "kilichokatazwa" ilizaliwa baadaye, watu walipoanza kuukataza uchafu huo. Maelezo hayo yanavutia kwa wepesi wake lakini hayana msingi, na kwa kuwa gazeti lenu hulitumia neno hilo karibu kila siku katika vichwa vya habari, kuanzia uvuvi haramu na pombe haramu hadi wahamiaji haramu, naona si vyema yakaachwa yapite bila kujibiwa.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako limejengwa juu ya konsonanti tatu: ha nzito itokayo kooni, ra na mim. Maana inayobebwa na mzizi huo ni kuzuilika. Kitu kimewekewa mpaka, kimetengwa, hakiguswi wala hakiingiliwi ovyo. Kwa nini hakiguswi, hilo ni swali la pili: huenda kimezuiliwa kwa kuwa kina madhara, na huenda kimezuiliwa kwa kuwa kina utukufu. Mzizi wenyewe hauchagui, nao umezibeba hali zote mbili kwa karne nyingi bila wenye lugha yao kuona ajabu yoyote.

Ushahidi wa kwanza uko wazi kwa kila aliyewahi kusikia habari za Hija. Msikiti unaoizunguka Al-Kaaba huitwa kwa Kiarabu Al-Masjid al-Haram, na katika sura ya 5, aya ya 97, Kurani inaiita Al-Kaaba Nyumba "haramu" na kuutaja pamoja nayo mwezi "haramu". Lau haramu ingekuwa uchafu, basi pahala patukufu kuliko pote kwa Waislamu pangekuwa pamepewa jina la tusi. Watafsiri wetu wa Kiswahili huandika "Msikiti Mtukufu" au "Msikiti Mtakatifu", na wana haki, maana "Msikiti Haramu" ungesomeka kama msikiti uliojengwa bila kibali cha manispaa. Lakini kwa kutuepusha na mkanganyiko huo wametufichia pia nusu ya maana ya neno.

Anayetaka kuuona mzizi huu ukifanya kazi na aitazame ramani ya Makka. Mji umezungukwa na eneo lenye mipaka inayojulikana na iliyowekewa alama, nalo huitwa haram. Ndani yake mnyama wa porini hawindwi wala hafukuzwi pale alipotulia, na mti uliojiotea wenyewe haukatwi. Nje ya mipaka hiyo ni hill, neno lenye mzizi mmoja na "halali" yetu, mzizi ambao maana yake ya karibu ni kufungua kilichofungwa. Mkazi wa Makka anayetaka kufanya Umra hutoka kwanza hadi nje ya mpaka, aghalabu Tan'im, penye msikiti wa Bibi Aisha, akahirimia huko, yaani akatia nia ya kuingia katika ibada hiyo, ndipo akarudi. Paa anayelisha upande huu wa alama ya mpaka na paa anayelisha upande wa pili ni wanyama wa aina moja, wenye nyama ileile na damu ileile. Kilichomfanya mmoja asiguswe ni mahali aliposimama tu.

Mwenye kuhirimia huuchukua mpaka huo mwilini mwake. Mwanamume huvaa shuka mbili zisizoshonwa, na tangu atie nia hanyoi, hakati kucha, hajitii manukato, hamkaribii mkewe, hawindi, mpaka amalize ibada yake, anyoe au apunguze nywele na kutoka katika ihramu. Kwa wale ambao hawajajaliwa kwenda Makka, mfano upo nyumbani mara tano kwa siku. Takbira ya kwanza ya swala inaitwa takbira ya kuhirimia, kwa sababu mtu akishaitamka, maneno ya kawaida, chakula na kinywaji, ambavyo vilikuwa halali kwake nukta moja kabla, vinakuwa haramu mpaka atoe salamu. Maji yaliyomo kwenye gilasi kando ya mswala hayakuchafuka kwa takbira hiyo. Aliyebadilika hali ni mwenye kuswali.

Mzizi huohuo ulitumika kwa wakati kama ulivyotumika kwa mahali. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na miezi minne iliyotengwa, na Kurani ikaithibitisha idadi hiyo katika sura ya 9, aya ya 36: Dhulkaada, Dhulhija, Muharamu na Rajabu, ambayo kwa hesabu ya Waswahili ni Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, Mfunguo Nne na Rajabu yenyewe. Vita vilitakiwa kusimama, misafara ikapita bila hofu, na masoko kama lile la Ukaz, karibu na Taif, yakakusanya wafanyabiashara na washairi wa makabila yaliyokuwa na visasi baina yao. Vita vilivyozuka ndani ya miezi hiyo wakati wa ujana wa Mtume viliitwa Vita vya Fijar, yaani vya uovu, kwa kuwa vilivunja kilichokuwa hakivunjwi. Na mwezi unaoufungua mwaka wa Kiislamu unaitwa Muharamu hadi leo, wala sijapata kumsikia Mwislamu akidhani kwamba ni mwezi uliotiwa najisi.

Ningeomba msomaji atulie kidogo kwenye jambo moja katika haya, kwa kuwa nitalirudia. Kurani inasema kuhusu Nyumba hiyo, katika sura ya 3, aya ya 97, kwamba mwenye kuingia humo huwa katika amani. Wafasiri wa kale wanasimulia kuwa hata katika zama za ujahilia, yaani kabla ya Uislamu, mtu aliweza kumkuta muuaji wa baba yake ndani ya haram, akampita asimguse mpaka atoke. Haram, kwa hiyo, ilikuwa mahali pa mtu anayetafutwa, asiye na kabila la kumtetea wala upanga wa kujikinga. Uharamu wa ardhi ile ndio uliokuwa ngao yake.

Hotuba ya Mtume katika Hija ya kuaga, mwaka 632, inaliweka jambo hili wazi kuliko maelezo yoyote ya kamusi. Aliwaambia waliohudhuria kwamba damu zao, mali zao na heshima zao ni haramu baina yao, kama ulivyo uharamu wa siku ile, katika mwezi ule, katika mji ule. Tuyapime maneno hayo kwa tafsiri ya safu yenu. Je, damu ya Mwislamu ni chafu kama ulivyo uchafu wa Makka? Sentensi inavunjika mikononi. Lakini tukisema kwamba damu ya mtu haiguswi kama mji ule usivyoguswa, sentensi inasimama wima, na tunaona kwamba uharamu hapa ni hadhi ya kitu. Kiarabu kina nomino mahsusi kwa hadhi hiyo, hurma, na ndiyo iliyotumika katika hotuba hiyo.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, nayo huvitenganisha vitu hivi viwili kwa uangalifu. Najisi ni mlango mmoja na haramu ni mlango mwingine, ingawa kuna vitu vinavyoingia katika yote miwili, kama nyama ya nguruwe. Dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume kuvaa, wala hakuna mwanachuoni aliyesema ni najisi. Shati la hariri halitoshi kumvunjia mtu udhu. Mkate ulioibwa ni haramu kwa mwizi na ni halali kwa mwenyewe, ukiwa ni mkate uleule uliotoka kwenye tanuri moja. Nyama ya mwanadamu ni haramu kuliwa, na sababu wanayoitoa wanazuoni ni heshima aliyopewa mwanadamu, si uchafu wa mwili wake.

Nadhani najua mwandishi wa safu alipojikwaa, na kosa lake linaeleweka. Kiswahili kilipohitaji neno la kuelezea kitu cha Mungu kilikwenda kwenye kitenzi "takata", kuwa safi, kikatoa "takatifu". Mzungumzaji wa Kiswahili huuona utukufu kama usafi, na kwa mantiki hiyo hutarajia kinyume cha utukufu kiwe uchafu. Akikutana na neno la dini lenye kukataza, hulitia upande wa uchafu bila hata kujiuliza. Kiarabu katika mzizi huu hakikupita njia hiyo. Kimeyapanga mambo kwa kufunga na kufungua, yaani haramu na halali, na kikaacha usafi na uchafu vishughulikiwe na mizizi mingine kabisa.

Ndugu wa neno hili wamo ndani ya Kiswahili chenyewe, wengine wakiwa na sura ambazo hatuzitambui. Neno nililokuitia mwanzoni mwa barua hii, muhtaramu, yaani mwenye kuheshimiwa, limetoka katika mzizi huohuo, na "haramia" anayeteka meli naye limemfikia kutoka hukohuko, kwa njia ya neno la Kiarabu la mwizi. Mhariri na haramia, basi, ni jamaa kwa upande wa mzizi, natumaini hutachukia. Aliye bora zaidi kwa hoja yangu ni "maharimu". Mama, dada, shangazi na mama mkwe ni maharimu wa mwanamume: hawezi kuwaoa kabisa, na kwa sababu hiyohiyo ndiye anayeaminiwa kukaa nao faraghani na kusafiri nao. Katazo na heshima hapa ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili, na atakayesema neno hilo lina harufu ya uchafu atapaswa kumweleza mama yake. Haremu ya majumba ya Kituruki, kama ile ya Topkapı mjini Istanbul, nayo ilikuwa sehemu ya nyumba ambayo mgeni haingii, kabla wasimuliaji wa Ulaya hawajaigeuza kuwa hadithi za anasa.

Niongeze hapa jambo dogo la pembeni, kwa kuwa wapo wanaoliuliza: gazeti maarufu la Misri, Al-Ahram, halina uhusiano na mzizi huu. Jina lake maana yake ni mapiramidi, na ha yake ni nyepesi, herufi nyingine kabisa. Kiswahili kimeziunganisha ha zote mbili katika herufi moja, nasi tukapotea hapo.

Kiarabu hakiko peke yake. Kiebrania kina herem, neno la mzizi huohuo, ambalo hutaja kitu kilichotolewa kwa Mungu moja kwa moja, kiasi kwamba mtu hana tena haki ya kukigusa. Katika kitabu cha Yoshua mji wa Yeriko na vyote vilivyomo viliwekwa katika hali hiyo, na Akani alipojichukulia vazi, fedha na kabari ya dhahabu, taifa zima lilipata hasara. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka imeandika "wakfu" mahali hapo, nayo si tafsiri mbaya, kwa sababu mali ya wakfu pia haiuzwi wala hairithiwi. Warumi wa kale nao walikuwa na neno sacer, ambalo lilimaanisha kitu cha miungu na pia mtu aliyelaaniwa; katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, bwana aliyemdhulumu mtu aliye chini ya ulinzi wake alitamkiwa awe sacer. Hata katika lugha za Kibantu jambo hili si geni. Kwa Waganda, omuziro ni mnyama au mmea unaoutambulisha ukoo, na mwenye ukoo huo hali omuziro wake. Anayetoka ukoo wa Mamba, ambalo kwa Kiganda ni jina la samaki aitwaye kamongo, hamli samaki huyo, na anajitambulisha kwa jina lake kwa fahari. Mwiko wetu wa Kiswahili una sura ya katazo zaidi, lakini nao haujawahi kumaanisha uchafu.

Katika mifano hiyo nimemtaja mtu aliyeitwa sacer, na hapo ndipo penye tatizo la vichwa vyenu vya habari. Kitu, mahali, wakati na tendo vinaweza kuwa haramu kwa maana yoyote kati ya zile mbili. Mtu anapopachikwa sifa hiyo, mambo hubadilika, kwa kuwa kumtenga mtu ni kumtoa miongoni mwa wenzake. Wayahudi wa Amsterdam walipomtamkia herem mwanafalsafa Spinoza mwaka 1656, walikataza asisemeshwe wala asikaribiwe, na maandishi yake yasisomwe. Sisi tuna mfano wetu wa karibu zaidi, nao ni "mwanaharamu". Tendo lilikuwa la wazazi, likafungiwa jina, kisha jina likamwangukia mtoto ambaye hakuwa amezaliwa tendo hilo lilipotendeka, na mpaka leo tunasema "funika kombe mwanaharamu apite" pasipo kukumbuka kwamba huyo anayepitishwa alianza akiwa mtoto mchanga. Yote hayo yametendeka ilhali Kurani inasema, katika sura ya 6, aya ya 164, kwamba mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine.

Sina ugomvi na "uvuvi haramu". Wavuvi wanapotumia baruti, au wanapoingia maeneo yaliyofungwa ili samaki wazaliane, neno hilo linakaa mahali pake pazuri sana, kwa sababu sheria imeyazuia maji hayo karibu kama haram ilivyowazuilia watu windo lake. "Pombe haramu" inanichekesha tu, maana kwa msomaji Mwislamu inadokeza kwamba ipo pombe nyingine iliyo halali kwake, na kwa msomaji asiye Mwislamu haisemi kosa ni nini. Chang'aa nchini Kenya ilikuwa imepigwa marufuku kwa miongo mingi, kisha sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu itengenezwe kwa masharti. Kinywaji kinachoweza kuingia na kutoka katika katazo kwa kura ya wabunge kinatoshelezwa na maneno "kisicho na kibali".

"Wahamiaji haramu" ndilo ninaloomba mliache. Aliyevuka mpaka bila hati amefanya tendo ambalo sheria inalikataza, na gazeti lina wajibu wa kulieleza tendo hilo kwa jina lake. Kukosa hati, hata hivyo, ni hali ya makaratasi, na makaratasi hupatikana. Wapo wanaofika bila hati kwa kuwa wanakimbia kuuawa, na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu chake cha 31, unazitaka nchi zisiwaadhibu wakimbizi wa namna hiyo kwa sababu tu ya kuingia pasipo ruhusa, ilimradi wajitokeze mapema na kueleza sababu zao. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliviomba vyombo vyake vitumie, katika nyaraka zao, msamiati wa wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Kwa Kiswahili hoja ina uzito zaidi kuliko katika lugha hizo za nyaraka, kwa sababu neno tunalolitumia si "kinyume cha sheria" tu. Ni neno lililobeba dini, na msikilizaji husikia ndani yake nguruwe, riba na zinaa. Na historia yake inaifanya kejeli kuwa kali: ule uharamu uliomkinga mtu asiye na kabila mbele ya wanaomwinda umegeuzwa kuwa alama ya kumtambulisha ili awindwe.

Najua jibu linalongoja hapa, na ni jibu la haki. Neno likishaingia Kiswahili ni letu, na maana yake huamuliwa na wanaolitumia, hawaulizwi Waarabu. Nakubali kabisa. Siombi "haramu" ianze kumaanisha "tukufu" katika kurasa zenu, wala sidhani inawezekana. Hata hivyo, safu iliyozungumzia asili imezungumzia asili, na katika asili imekosea. Hilo linastahili sahihisho fupi katika safu ileile. Kuhusu matumizi ya leo, naomba dawati lenu la habari lifikirie kuandika "wahamiaji wasio na hati" au "walioingia nchini bila kibali". Vichwa vya habari vitarefuka kwa neno moja au mawili, lakini wahariri wanaomudu kuyaingiza majina ya wizara zetu katika safu moja hawatashindwa na hilo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi